Barua Kumi na Tisa

Jumatano asubuhi, barua pepe ambayo Odette wa mapokezi aliiandika saa mbili ilimfikia bosi wake, aliyeketi hatua kumi na mbili kutoka mezani kwake, saa tano kasorobo. Ilimwuliza kama angependa chai.

Bwana Tabi hakucheka. Alitoka ofisini kwake na kusimama katikati ya chumba, mikono kiunoni. "Leisei yuko wapi?"

Leisei alikuwa ndani ya kijichumba kilichokuwa zamani stoo ya mafagio, amechuchumaa mbele ya seva, feni ikimpulizia kisogoni. Alikuwa na umri wa miaka thelathini na minne, na katika Wakala wa Mavuno ndiye aliyekuwa fundi peke yake. Kompyuta ikigoma ni yeye, wino wa printa ukiisha ni yeye, hata birika la chai lilipokufa aliitwa yeye. Wakala ulikuwa ghorofani, juu ya duka la vitambaa katikati ya mji wa Port Vila, na kazi yake ilikuwa kuwapeleka watu Australia kuchuma matufaha na cheri. Kila kitu kilipita kwa barua pepe: majina, pasipoti, vyeti vya daktari, tiketi za ndege.

"Nipo, bosi."

"Wenye mashamba wananipigia simu wakiniuliza kama tumekufa. Zima hilo dude, uliwashe."

"Nimelizima na kuliwasha jana. Mara mbili."

"Basi lizime mara ya tatu."

"Halitapona kwa kuzimwa. Nilikuandikia kuhusu diski mwezi wa tatu, nikakuandikia tena mwezi wa tano, na mwezi uliopita."

"Uliniandikia kwa barua pepe?"

"Ndiyo."

"Basi labda bado ziko njiani," Bwana Tabi akasema, na ofisi nzima ikaangua kicheko. Leisei naye akacheka, maana si vizuri kuwa peke yako usiyecheka. Kisha akarudi kuchuchumaa.

Nyumba yao ilikuwa mtaa wa Freswota, bati upande mmoja na turubai upande wa pili, tangu kimbunga cha mwaka juzi. Aliporudi jioni ile alimkuta mumewe, Kalorib, ameketi kwenye benchi la nje na simu gotini. Mama mkwe wake, Leipakoa, alikuwa akikuna mihogo ya laplap, andazi la kuoka ndani ya majani. Hakuna aliyeitikia salamu yake.

"Soma," Kalorib akasema, akamnyooshea simu.

Alisoma akiwa wima, mkoba ungali begani. Wakala wa Mavuno ulifurahi kumjulisha Ndugu Kalorib kwamba amepata nafasi ya kuchuma cheri Tasmania kwa miezi saba. Alitakiwa athibitishe kwa kujibu barua hii kabla ya saa sita mchana, siku ya Jumanne. Asipojibu, nafasi yake angepewa mtu wa akiba.

"Imefika leo," Kalorib akasema. "Saa tatu na dakika kumi asubuhi. Jumanne ni jana."

"Umewapigia?"

"Nimempigia Odette. Kaniambia pole shemeji, mtu wa akiba keshaitwa. Kaniambia kwake inaonyesha barua imetumwa Ijumaa. Kwamba labda mimi sikuangalia simu." Akaichukua simu yake. "Siku tano nimekaa pale dukani kwa Wachina, penye mtandao, kama mbwa anayengoja mfupa. Sikuangalia simu!"

Leipakoa aliendelea kukuna. Mikono yake ilikuwa myeupe kwa muhogo hadi kwenye viwiko. "Jumapili tumechinja kuku saba," akasema, bila kumlenga mtu. "Kanisa zima limemwombea. Mke wa mchungaji kanipa mkeka wa kumfungashia. Sasa mkeka niurudishe, au niseme nini?"

"Mama."

"Nauliza tu. Mwenye kisima kulala na kiu, hayo ndiyo tumeyaona leo. Mke ndiye fundi wa barua, na barua ya mume haifiki."

Serah, binti yao wa miaka tisa, alichungulia mlangoni. "Baba, huendi tena?"

"Nenda kaoge," Leisei akamwambia.

Kalorib alikuwa amekwisha kuacha kazi. Kwa miaka sita alichomelea vyuma kwenye karakana moja ya boti, na wiki mbili zilizopita, alipofaulu usaili wa Wakala, alimpa mkono tajiri wake, akaagana na wenzake na kuwaachia hata miwani yake ya kuchomelea. Leisei aliyajua hayo yote. Alijua pia jambo jingine, ambalo lilikuwa limemkaa kifuani tangu aliposikia neno Ijumaa, lakini hakulisogelea.

"Seva ina matatizo," akasema.

"Tangu lini?"

"Siku nyingi."

"Na hukusema."

"Nilisema. Niliwaambia wao."

Walikula laplap. Leisei alitafuna na kumeza, akatafuna na kumeza, na baadaye hakukumbuka kama ilikuwa na tui au haikuwa nalo.

Alhamisi alifika ofisini kabla ya wote. Alianza kama alivyofundishwa, kwa kuuliza maswali mepesi kwanza. Alijitumia barua mwenyewe, kutoka kompyuta moja ya ofisi kwenda nyingine, bila kugusa mtandao wa nje. Ilichukua dakika hamsini. Basi tatizo halikuwa la kampuni ya simu wala la kebo ya baharini. Lilikuwa humu humu ndani. Akaangalia kumbukumbu ya mashine: ilikuwa na nafasi. Akaizima kwa muda programu ya kukagua virusi, hakuna kilichobadilika. Mwisho akaangalia diski.

Zilikuwa diski mbili pacha, kila moja ikibeba yaleyale yaliyomo kwenye mwenzake, ili moja ikifa nyingine iokoe. Taa ya ile ya chini ilikuwa ya njano. Alifungua daftari la seva, ambamo mashine hujiandikia yenyewe kila inachofanya, akakuta ilikufa tarehe kumi na moja ya mwezi wa tatu. Tangu hapo pacha wake alikuwa akifanya kazi ya wawili, na tangu mwezi uliopita naye alianza kuugua. Juu ya hayo, kila siku saa nne asubuhi, wakati watu wote wanaandikiana, seva ilijinakili yote upya, kwa sababu Bwana Tabi aliagiza umeme ukatwe usiku kubana matumizi. Na kilichonakiliwa kwa sehemu kubwa kilikuwa sanduku la barua la Bwana Tabi mwenyewe, ambalo halikuwahi kufutwa hata barua moja tangu ofisi ifunguliwe.

Hayo yalitosha kuwa jibu. Angeweza kuliandika pale pale na kwenda kunywa chai. Lakini alilipekua daftari kurudi nyuma hadi Ijumaa.

Saa nne na dakika arobaini na mbili. Barua za makundi: simamisha. Mtumiaji: leisei.

Aliikumbuka Ijumaa ile vizuri. Bwana Tabi alikuwa amesimama nyuma ya kiti chake, akinukia mafuta ya nywele. "Nina video ya kambi ya wachumaji. Mwenye shamba anaingia mkutanoni saa tano na nusu, anaitaka kabla ya hapo. Hizo nyingine ziipishe."

"Zipi, bosi?"

"Hizo za makundi. Si matangazo tu hayo?"

Alibonyeza. Video ikapita. Saa kumi na moja jioni aliziachilia zote, barua mia mbili na kumi na mbili, akafunga droo na kwenda kununua mkate. Hakurudi kuangalia kama zimeondoka. Kwenye kompyuta ya Odette zilionekana zimekwenda. Kumbe zilikuwa zimepanga foleni mbele ya diski mgonjwa, zikitoka moja moja, Jumamosi, Jumapili, Jumatatu. Nyingi ziliwahi. Kumi na tisa zilitoka baada ya saa sita ya Jumanne.

Aliyaandika majina kumi na tisa kwa mkono, kwenye karatasi, ingawa angeweza kuyachapa. La sita lilikuwa la Silas, jirani yao wa nyumba ya tatu. La kumi na nne lilikuwa la mumewe. Aliliandika kama alivyoyaandika mengine, kwa mwandiko uleule. Alingoja ajisikie vibaya. Feni iliendelea kuzunguka.

Saa tatu, wanaume wanane kati ya wale kumi na tisa walikuwa wamesimama chini, mlangoni pa duka la vitambaa, na mwenye duka alikuwa akiwafukuza kwa kuwa wanamzibia wateja. Wengine walikwisha kwenda idara ya kazi. Saa nne, idara ya kazi ilipiga simu: ilitaka maelezo ya maandishi, yenye saini ya fundi, kesho kabla ya saa sita.

Bwana Tabi aliingia kwenye kijichumba na kuufunga mlango. Hapakuwa na kiti cha pili, kwa hiyo alikaa juu ya ndoo iliyogeuzwa.

"Ni nini?" akauliza.

Leisei akamwonyesha. Bwana Tabi alisoma polepole, akifuata mistari kwa kidole. Alipofika kwenye neno leisei, kidole kilisimama.

"Hapa sijaandikwa mimi," akasema.

"Hapana. Mashine huandika aliyebonyeza."

Sauti yake sasa haikuwa ya ukali; ilikuwa ya mtu aliyechoka. "Leseni yangu inaangaliwa mwezi ujao. Wakinifungia, si kumi na tisa watakaokosa. Ni watu mia mbili. Hilo unalijua."

"Nalijua."

"Andika kebo. Wiki iliyopita mtandao ulikatika mji mzima, kila mtu anakumbuka. Kebo iko chini ya bahari, haina mke wala mtoto, haiwezi kufukuzwa kazi." Akainuka, akajifuta suruali. "Halafu kuna mtu wa akiba mmoja daktari kamkatalia, mapafu. Nafasi yake iko wazi. Mumeo anaweza kuondoka Jumapili na wenzake."

"Bosi, ulinisainisha karatasi kwamba sitagusa orodha kwa ajili ya ndugu yangu."

"Wewe hugusi. Nagusa mimi."

Alipotoka, Odette aliingia na kikombe cha chai, akakiweka juu ya seva. Odette alikuwa mtu mzima, mwenye wajukuu, na kuta za ofisi ile zilikuwa mbao nyembamba.

"Kikombe usikiweke hapo," Leisei akasema.

Odette akakiondoa. "Mwanangu, wale walioko pale chini sikuwazaa mimi, wala hukuwazaa wewe. Chukua, umpeleke mtu wako."

Jioni ile Leisei hakuzungusha maneno. Alimwambia Kalorib yote wakiwa nje, kwenye benchi, Leipakoa akisikiliza dirishani bila kujificha. Alimweleza juu ya diski, juu ya video, na kwamba aliyebonyeza ni yeye.

Kalorib alitazama barabara. Mtu alipita na mkokoteni wa nazi, wakasalimiana.

"Kwa hiyo ni wewe," Kalorib akasema, baada ya mkokoteni kupita.

"Ni mimi."

"Na ukiandika kebo, naondoka Jumapili."

"Ndivyo alivyosema."

"Andika kebo."

"Wako kumi na tisa. Wote wanaonekana hawakujibu. Mwakani hawataitwa, jina likishawekwa alama ya kutojibu haliitwi tena. Silas yumo."

"Silas ana mashua. Ana shamba kwao kisiwani Emao. Mimi nina nini?" Hakuwa amepandisha sauti. "Nilimpa mkono tajiri wangu mbele ya watu, Leisei. Niliwaambia vijana wa karakana wapigane wao kwa wao juu ya miwani yangu. Andika hiyo kebo."

"Mkwe wangu," Leipakoa akaita kutoka dirishani, na kwa mara ya kwanza wiki ile sauti yake ilikuwa laini, "uongo juu ya waya haumuumizi mtu."

Kalorib aliondoka kwenda kwenye kilabu cha kunywa kava, akarudi akalala bila kuwasha taa.

Ijumaa asubuhi alikaa mbele ya kompyuta na kuandika: Kutokana na hitilafu ya kebo. Aliitazama sentensi hiyo kwa muda. Hakufikiria Mungu, wala haki, wala wale wanaume wanane. Alifikiria tu kwamba mtu yeyote anayejua kusoma daftari la seva angeuliza ni kwa nini barua ya ndani kwa ndani ilichukua dakika hamsini, na kwamba yeye asingekuwa na jibu. Alifuta. Akaandika tarehe kumi na moja ya mwezi wa tatu, diski ya chini ilikufa. Sentensi ya pili ilifuata ya kwanza, na ya tatu ikafuata ya pili, kama ngazi mtu anayoshuka gizani kwa kuwa miguu inaijua. Alipofika Ijumaa aliandika aliyeamuru na aliyebonyeza. Kisha majina yote.

Alichapa nakala mbili. Moja aliiweka mezani kwa Bwana Tabi, ambaye alikuwa kwenye simu na akampungia mkono wa asante bila kusoma. Nyingine aliibeba mwenyewe kwa miguu hadi idara ya kazi.

Karani aliyempokea alikuwa mwanamke wa makamo mwenye miwani iliyofungwa uzi. Alisoma ukurasa wa kwanza, akageuza.

"Huyu leisei ni nani?"

"Ni mimi."

"Unaelewa ulichokiandika hapa?"

"Naelewa."

Karani akaendelea na orodha. "Na huyu wa kumi na nne, mbona anwani yake ni yako?"

"Mume wangu."

Yule mwanamke alivua miwani, akamtazama kwa muda mrefu kidogo kuliko adabu inavyoruhusu. "Kaa kwanza," akasema. "Utakunywa maji?" Leisei akakaa, akanywa maji, akatia saini mahali palipoonyeshwa.

Mambo yalikwenda haraka kuliko alivyodhani. Idara iliwaandikia wenye mashamba, na alama ya kutojibu ikafutwa kwenye majina yote. Leseni ya Bwana Tabi haikufungwa. Alipewa onyo na amri ya kununua diski mpya. Zilikuja kwa ndege wiki iliyofuata, na kwa kuwa hapakuwa na fundi mwingine, Leisei ndiye aliyezifunga. Alihamisha kazi ya kunakili hadi alfajiri, akaagiza umeme usikatwe tena, akapunguza sanduku la bosi kwa nusu. Alijaribu barua kutoka kompyuta moja kwenda nyingine. Ilifika kabla hajaondoa kidole.

Barua iliyofuata kuingia ilikuwa yake. Ilitoka ofisini kwa Bwana Tabi, yenye mistari minne, ikimshukuru kwa utumishi wake na kumjulisha kwamba leo ndiyo siku ya mwisho. Odette alimsaidia kubeba boksi hadi chini, akisema, "Nilikwambia, mwanangu, si nilikwambia," na alipofika barabarani akamkumbatia, akalia. Leisei alimpigapiga mgongoni mpaka akanyamaza.

Kati ya wale kumi na tisa, kumi na wawili walipata ndege ya pili. Wawili walikuwa wamekata tamaa na kurudi visiwani kwao, hawakupatikana kwenye simu. Watano waliambiwa mashamba yamejaa, wangoje msimu ujao. Kalorib alikuwa mmoja wa hao watano. Mbele ya jina lake mtu alikuwa ameandika kwa kalamu: ndugu wa mtumishi, achunguzwe kwanza.

Kwenye karakana walimrudisha, lakini si kuchomelea. Nafasi yake ilikuwa na mtu tayari, kijana aliyevaa miwani yake. Yeye alipewa brashi ya kukwangua kutu.

Silas aliondoka Jumamosi. Alipita kuaga akiwa amevaa viatu vipya vilivyomwuma, akampa Kalorib mkono, akampa Leipakoa busu la shavuni. Mbele ya Leisei alisita. "Shemeji," akasema, "mimi..." Kisha akaufungua mkoba wake, akatoa pakiti ya biskuti ambayo bila shaka mkewe alikuwa amemfungia ya safarini, akampa Serah, na kuondoka upesi.

Kwa siku kumi Kalorib alikuwa amesema na mkewe maneno ya lazima tu: maji, ufunguo, mtoto. Jumapili, baada ya ibada, Leipakoa alibaki kanisani na wenzake, Serah akaenda kucheza. Walikaa wawili mezani na sahani za wali na samaki wa kopo. Kucha za Kalorib zilikuwa nyekundu kwa kutu.

"Ile Ijumaa," akasema, "ulipobonyeza. Ulijua jina langu limo?"

"Hapana. Sikuangalia."

"Na kama ungeangalia?"

Leisei alikiweka kijiko chini. Angeweza kusema lolote. Mashine haikuwa imeandika jambo hilo popote.

"Ningeiacha yako ipite," akasema. "Yako tu. Halafu ningezisimamisha zilizobaki."

"Na ya Silas?"

"Ningeisimamisha."

Kalorib alimtazama kwa mara ya kwanza baada ya siku nyingi, kama mtu anayetazama nyumba aliyoishi zamani, akihesabu madirisha. Akavuta sahani ya samaki, akagawa kipande kilichobaki kwa uma, nusu akaweka kwenye sahani yake, nusu kwenye ya mkewe.

"Kula," akasema. "Wali unapoa."